Dole Gumba la Ami Athmani

Mimi ni mstaafu. Aliyecheka nimemwona, na mama yake namjua. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, sare ya shule inanibana makwapani, lakini kazi nilikuwa nayo na kazi nimeiacha, na aliyeacha kazi huitwa mstaafu. Wazee wakistaafu hukabidhiwa saa ya ukutani na keki iliyoandikwa jina lao vibaya. Mimi nilibaki na ndoo.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu wa Changamwe na Mikindani, mlioanza kuchungulia friji za mama zenu tangu shule zilipofungwa. Nawajua. Kaskazi imeingia, jua limeinama mpaka linataka kukukalia begani, malori yamepanga foleni ya kwenda bandarini na hayasogei, na ndani ya kila lori mtu mzima anaiva polepole kama kiazi kwenye jivu. Mmeona biashara. Mnataka kumpelekea maji baridi. Nendeni, siwazuii. Ila kwanza kaeni niwasimulie, maana pale barabarani mtaona mengine ambayo hayamo kwenye ndoo.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Dada Mbeyu. Yeye alianza kuuza maji enzi za mifuko ya nailoni, yale maji ya kufungwa fundo ukayatoboa kwa jino. Nailoni ikapigwa marufuku, akahamia chupa. Watu wakaanza kuja na makasha ya barafu yenye magurudumu, yeye akabaki na gunia lake lililoloweshwa, na maji yake yakabaki baridi kuliko ya makasha. Siri ya gunia ni kuliweka upande wa upepo. Mkiliweka juani likakauka, mnauza chai.

Jambo la pili: chupa hailazwi friza imejaa pomoni. Lazeni chupa ubavu, maji nusu, yakishaganda ndipo mjaze. Mimi nilijitia bingwa, nikazijaza zote mpaka shingoni. Zikapasuka humo ndani, friza ikaharibika, na samaki wa mama wa juma zima wakaoza, wakarudishwa baharini. Mama aliponiita nilijibu "labeka" nikiwa tayari uani, mguu mmoja juu ya ukuta.

La tatu ni kiwiko. Kabla hujamwita dereva, tazama kiwiko chake. Kikiwa nje dirishani, ana subira, mtanie. Akikiingiza ndani, sema bei tu. Lakini ukimwona ameweka kiganja juu ya honi na haibonyezi, amekiweka tu pale kama mtu aliyeshika jiwe, mpite. Mimi mwanzoni sikujua. Nilimwendea mmoja wa hivyo nikamwuliza, "Mzee, uko hai au nikuitie imamu?" Aliteremka, akachukua ndoo yangu, akaimwaga yote juu ya tairi lake. Tairi likafurahi, mimi nikalia.

Dada Mbeyu hakunipa pole. Alisema, "Joto halimpi mtu hasira, Karisa. Linamvua shati tu, ukaiona hasira aliyokuja nayo kutoka kwake."

Na la nne, hili lishikeni hata kama mengine mtayasahau. Msisimame ubavuni mwa trela. Trela likikata kona, kichwa hutangulia, tumbo hufuata, mkia ndio hutafuna. Dereva anaona kichwa chake kimepita salama, anadhani amepita mzima. Kumbe mkia bado uko nyuma unakuja kwa njia yake, na njia yake ni fupi, inakata ndani. Dada Mbeyu alinisimamisha pembezoni siku nzima bila kuuza hata chupa moja, nitazame mikia tu. Nilidhani ananitesa.

Sasa siku yenyewe, kaskazi ya mwaka jana.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, saa ambazo hata mbwa wa Changamwe hutafuta kivuli cha nguzo. Upepo ulikuwa umekufa. Lami imelainika, ndala zinanata, ukiinua mguu unasikia *chwaa*. Foleni haijasogea tangu asubuhi, na ule moshi wa dizeli umetulia juu yetu kama blanketi la mgonjwa. Nilikuwa na Dada Mbeyu, tunauza upande wa kushuka, na mbele yetu lilikuwa lori la kontena. Dereva wake nilimjua kwa sura, maana alikuwa mteja wangu, mtu wa bara, jina lake Mutiso. Siku zote hunitania, "Kijana, maji yako yamesoma mpaka darasa gani?" Siku hiyo nilitazama kiwiko. Kiwiko kilikuwa ndani. Kiganja kilikuwa juu ya honi.

Nikampita.

Hapo ndipo ikaja tuktuk ya Ami Athmani. Ami si ndugu yangu wa damu, lakini Mikindani nzima tunamwita Ami kwa sababu ametupeleka sote kliniki tukiwa wachanga. Alikuwa amemshusha abiria, anarudi, tuktuk tupu. Akaona upenyo kati ya lori la Mutiso na lililo mbele yake, akajipenyeza. Kijisehemu cha paa lake kikagusa kioo cha pembeni cha lori, kioo kikapinda. Hakikuvunjika. Kilipinda tu, kama mtu aliyegeuza uso.

Mutiso akabonyeza ile honi. Hakuiachia.

Ami akateremka, kofia kichwani, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Akaupiga mlango wa lori kwa kiganja. "Yakhe, mimi si kiziwi! Toa mkono wako hapo!"

"Toa wewe hicho kibiriti chako barabarani!" Mutiso alimjibu kutoka juu.

"Kibiriti ndicho kinachochoma nyumba, bwana. Teremka nikuwashe."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote, sifichi, mzaha mzuri ni mzaha mzuri. Lakini nilipomtazama Dada Mbeyu hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama matairi ya mbele ya lori. Yalikuwa yanageuka taratibu, lori limesimama, usukani unakunjwa kuelekea kulia.

"Ami!" aliita. "Ami, rudi ndani au njoo huku! Usikae hapo!"

Ami akarudi tuktuk yake akimwambia Mutiso maneno ambayo siyaandiki, mama yangu anasoma. Lori la mbele likasogea, nafasi ikafunguka, na Mutiso hakungoja. Alinguruma, akatoka kulia ampite Ami kwa hasira, kisha akakata kurudi kushoto mbele yake. Kichwa kikapita salama. Tumbo likafuata.

Mkia ukatafuna.

Tuktuk ililala ubavu kama mtoto aliyesukumwa kitandani, ikaburutwa mpaka kwenye ukingo wa zege. Sauti yake mimi siwezi kuifananisha na kitu. Kisha ule ukimya, honi zote kimya, na katikati ya ukimya Ami anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mguu wangu. Jamani, mguu wangu."

Tuliinua tuktuk watu wengi. Nilikimbia na chupa nimnyweshe, Dada Mbeyu akaipiga mkononi mwangu ikaruka. "Asinywe! Huenda akapasuliwa leo hii! Lowesha kitambaa, mpanguse uso!" Kisha, huku amemshika Ami kichwa, akaniambia, "Toa simu. Piga picha matairi yalivyo na namba za gari, kabla hawajalisogeza." Nilipiga picha mbiombio, nyingi ni za vidole vyangu, lakini chache zilitoka.

Nilipoinua macho niliona jambo jingine. Watu walikuwa wameshaokota mawe.

Nyinyi mnajua dereva wa lori hufanya nini hapo. Hukimbia. Si lazima awe mtu mbaya, anakimbia kwa sababu anayajua yale mawe. Mutiso aliteremka upande wa watu. Alitembea katikati yao, mikono imening'inia, akapiga magoti kwenye lami ile ya moto mbele ya Ami.

"Mzee, nisamehe. Nisamehe mimi. Sijui ni nini kimeniingia. Nisamehe."

Ami alikuwa anadhani anakufa. Niliyaona macho yake. Aliwatazama watu wenye mawe, akamtazama Mutiso, akavuta pumzi.

"Nimekusamehe," alisema. "Nimekusamehe duniani na akhera. Mashahidi ni hawa."

Ndugu zangu, mnajua uzito wa maneno hayo kwetu. Si maneno ya kusalimia. Mawe yalianguka moja moja, nikayasikia yanavyogonga lami. Mzee mmoja akasema, "Mwenyewe ameshasamehe, nani atadai?" Na kweli, hakuna aliyemgusa Mutiso. Polisi walipofika walimkuta amekaa kando ya Ami, amemkinga jua kwa kipande cha boksi.

Radhi ile ilimwokoa Mutiso. Na radhi hiyohiyo karibu immalize Ami.

Siku chache baadaye nilikuwa kazini, gari jeupe likaegesha mbele ya ndoo yangu. Akateremka mtu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linaweza kusimama peke yake. Hakuwa na tone la jasho. Mtu asiyetoka jasho Changamwe mwezi huu ni wa kuogopwa, lakini mimi hiyo kanuni sikuwa nimeigundua bado. Nilimpa jina moyoni: Bwana Shati.

"Wewe ndiye Karisa? Naambiwa ulikuwapo yule mzee alipomsamehe dereva wetu."

"Nilikuwapo."

"Basi twende hospitali ukaseme uliyoyasikia. Hayo tu. Ingia."

Ndani ya gari kulikuwa na ubaridi wa friza ya mama kabla sijaiharibu. Nilitamani tusifike. Njiani Bwana Shati alinieleza, kwa upole kama mwalimu wa chekechea, kwamba kampuni yao ina malori mengi sana, na madereva wao wote huona kiu. Wangeweza kuambiwa wanunue kwa mtu mmoja. Mtu mwaminifu. Mtu anayesema ukweli. Nikajiona tayari nina vijana watano chini yangu, mimi nimekaa kivulini nimevaa miwani.

Tulipoingia wadi nilimkuta Ami amelazwa, mguu umefungwa plasta mpaka pajani, uso umekuwa mdogo. Kando yake alikaa mamake, Bi Mwanaisha, leso mbili, tasbihi mkononi. Upande wa pili alisimama Dada Mbeyu, na pembeni yake Zainabu, msichana wa mtaani kwetu aliyesomea uwakili. Dada Mbeyu alikuwa amemwita mbio aliposikia kuna karatasi inaletwa.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nani?"

Bwana Shati alikwisha kuweka machungwa kitandani, akatoa karatasi na kile kisahani cha wino.

Alisema vizuri sana, mimi hata leo namsifu. Kampuni inasikitika. Kampuni italipa deni la hospitali leo hii na kuongeza kitu cha kusaidia watoto. Mzee hana haja ya kupanda ngazi za mahakama na mguu kama ule. Atie dole tu, yaishe kiungwana, kama alivyoyaanza mwenyewe kiungwana pale barabarani.

"Ami, usitie," Zainabu alisema, karatasi ameshaichukua na kuipitia. "Nimeisoma. Si karatasi ya msaada hii, ni ya kufunga madai. Daktari amesema huenda mguu ukapasuliwa tena. Ukitia dole, hata ukikatwa, hudai kitu tena kwa mtu yeyote. Huuzi jeraha ambalo halijafunga."

"Dada wakili," Bwana Shati alitabasamu, "mgonjwa mwenyewe alisema amesamehe. Duniani na akhera. Sasa mahakama yako iko wapi kati ya hizo mbili?"

Wadi nzima ikacheka kidogo, hata mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Zainabu alikuwa na majibu ya sheria, nilimwona anayatafuta: kwamba gari lazima liwe na bima ya kumlipa mtu litakayemuumiza, kwamba dereva akikosa akiwa kazini mwenye gari hubeba naye. Lakini swali halikuwa la sheria, na yeye alijua.

Ami alimtazama mamake. "Mama?"

Bi Mwanaisha alisogeza punje moja ya tasbihi. "Radhi ikishatoka haimezwi, Athmani. Ulitoa mbele za watu. Watu waliyaangusha mawe kwa neno lako. Ukilirudisha, kesho nani ataangusha jiwe lake?"

"Basi nitie?"

"Mimi sijui karatasi, mwanangu. Mimi najua neno."

Ami alifumba macho. Tuktuk haikuwa yake. Nyumbani wanamngoja watoto wanne na nazi haijakunwa. Akanyoosha mkono. Bwana Shati akamshika lile dole gumba kwa adabu, akalikandamiza kwenye wino, likatoka jeusi. Feni ya darini ilikuwa inalia *kii, kii, kii*. Dada Mbeyu aliuma leso. Zainabu alisema kwa sauti ndogo, "Ami, tafadhali."

"Kwanza," Bwana Shati akasema, maana alikuwa mtu wa kufanya mambo kamili, "ili kesho asije mtu akasema tumemlazimisha. Shahidi yuko hapa. Kijana, sema ulivyosikia."

Wote wakanigeukia. Mimi, mtu ambaye hotuba yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kueleza kwa nini sikufanya zoezi la hesabu. Nilimwona Bwana Shati ananikonyeza. Nikayaona yale malori yote na kiu yao.

Niliamua nitasema nilivyosikia, basi. Wallahi sikuwa na ujanja wowote. Nilisema: dereva alipiga magoti. Alisema, "Mzee, nisamehe, nisamehe mimi, sijui ni nini kimeniingia." Ami akasema, "Nimekusamehe duniani na akhera, mashahidi ni hawa." Mawe yakaanguka.

"Umesikia, mama," Bwana Shati akasema. "Maneno yaleyale." Akaivuta karatasi karibu na dole.

"Ngoja," Bi Mwanaisha alisema. Tasbihi ilikuwa imesimama. "Wewe, mwanangu. Njoo hapa mbele."

"Labeka, bibi."

"Aliyepiga magoti ni nani?"

"Dereva. Mutiso."

"Alisema 'nisamehe mimi' au 'tusamehe sisi'?"

Bwana Shati alikohoa. "Mama, hiyo ni..."

"Nasema na mjukuu wangu." Hakumtazama hata. "Mimi, au sisi?"

Nilirudi kichwani mpaka kwenye lami ile. Niliusikia moshi. Nilimwona Mutiso na magoti yake.

"Mimi," nikasema. "Alisema 'nisamehe mimi'."

"Na huyu bwana alikuwapo?"

"Hakuwapo, bibi."

"Mwenye lori alikuwapo? Alituma mtu? Alipiga simu ikawekwa sikioni mwa mgonjwa?"

"Hakuna, bibi. Kulikuwa na dereva, na sisi, na jua."

Kwa mara ya kwanza niliona kitu kinang'aa kwenye paji la uso wa Bwana Shati. Jasho. Tone moja tu, lakini lilikuwa lake.

Bi Mwanaisha akamgeukia pole pole, kwa heshima zote, maana mama yule hata akikufukuza nyumbani atakuuliza kwanza kama umekula. "Baba, radhi huombwa na mwenye kosa, akapewa aliyeomba. Mutiso aliomba, akapewa, na mwanangu hatarudisha hata herufi. Wewe hukuomba. Mwenye lori hakuomba. Leo ndiyo mara ya kwanza tunawaona, na mmekuja na wino." Akasogeza tena punje moja ya tasbihi. "Mwanangu amewasamehe vipi watu ambao hawajui?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Feni ikaendelea *kii, kii*.

Ami alilitazama dole lake jeusi. Kisha akalipangusa, taratibu, akilivuta kutoka upande hadi upande, juu ya plasta ya mguu wake mwenyewe.

"Machungwa yako yachukue, bwana," alisema. "Au yaache, wagonjwa wapo. Lakini karatasi nenda nayo."

Bwana Shati alikuwa muungwana, aliyaacha. Mimi hakunirudisha. Nilitembea na Zainabu mpaka stendi, na njiani ndipo aliponifundisha haya ninayowapa, maana kesho tuktuk itakayolala inaweza kuwa ya baba yako.

"Kosa si kusamehe," alisema. "Kosa ni kudhani ukisamehe umefunga na mlango wa bima. Samehe moyo wako unavyotaka. Lakini karatasi usitie kitu kabla haijasomwa na mtu anayejua, hata ikiletwa na maua."

"Na machungwa."

"Hasa ikiletwa na machungwa. Ajali iripotiwe polisi, wakupe ile abstrakti, muhtasari wa ajali wenye namba za gari na bima yake. Upate fomu ya polisi iitwayo P3, daktari aijaze majeraha. Kila karatasi ya hospitali iweke, hata ya dawa ya maumivu. Na mtu aliyeumia vibaya hospitali haiwezi kumkatalia huduma ya kwanza ati hana pesa, Katiba imesema."

"Ami naye alichokoza," nikamwambia. "Alijipenyeza. Akapiga mlango."

"Wakili wao atasema hivyohivyo, na nawe ukiulizwa useme ukweli. Ukiwa na kosa kidogo hupotezi haki yote. Hupunguziwa kwa sehemu ya kosa lako, inayobaki ni yako. Na muda upo, miaka mitatu tangu kuumia, lakini asiyeanza mapema mashahidi wake huhama."

"Mimi sihami."

"Wewe kazi huna tena," alisema. "Umelijua hilo?"

Nilidhani ananitania. Kesho yake nilifika barabarani na ndoo yangu, maji yamelazwa ubavu, gunia limelowa vizuri. Malori ya kampuni ile yalikuja moja baada ya moja, na vioo vikawa vinapanda. Kulikuwa na joto la kukaanga yai kwenye boneti, na wanaume wazima wakajifungia ndani kwa vioo wasinunue kwangu. Mmoja alishusha kidogo tu akaniuliza, "Wewe ndiye yule shahidi? Jihadhari usije ukaona mengi zaidi." Akapandisha. Mkia wa trela lake ulipita karibu na vidole vyangu kuliko ulivyohitaji kupita.

Dada Mbeyu alikuja akaniokotea ndoo, akanishikisha. "Rudi kitabuni, Karisa. Hapa ulimaliza kozi."

Ndivyo nilivyostaafu. Sikupewa keki.

Kesi bado inaendelea, kwa hivyo msiniulize imekwishaje. Mutiso alishtakiwa kwa kuendesha ovyo, akakiri mbele ya hakimu bila kuzungusha, na yale madai ya Ami ndiyo tunayoyaendea sasa. Mguu umewekwa vyuma. Ami anatembea kwa mikongojo na kuwatania watoto kwamba akipita uwanja wa ndege mashine zitamsalimia. Juma lililopita tulikuwa kwenye veranda ya mahakama tukingoja kuitwa kutoa ushahidi, joto lilelile, na kwenye benchi moja walikaa Ami, Mutiso na mimi. Nilikuwa nimekuja na chupa moja, si ya kuuza. Ami alikunywa nusu, akampa Mutiso nusu.

Wakili wa kampuni alipita, akasimama, akawatazama wawili wale wanapokezana chupa.

"Samahani," akasema. "Ninyi si mnadaiana?"

"Hapana, bwana," Ami alimjibu, akimpisha Mutiso akae vizuri. "Huyu nilishamalizana naye barabarani. Tunamngoja mwenye lori." Akapapasa nafasi iliyobaki kwenye benchi. "Mwambie aje. Kuomba radhi bado hajaanza."